Sanduku la Maoni Lenye Jicho

Kwa miaka miwili na miezi minne Kokuberwa alikuwa Mpitiaji Huru wa Ufuatiliaji wa Siri, na kwa miaka miwili na miezi minne hakuna aliyempa kitu cha kupitia. Cheo chake kilikuwa kimeandikwa katika kanuni ya kumi na moja ya sheria ndogo ya Mamlaka ya Mji Mdogo wa Nyarushozi, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, mahali ambapo watu wengi huweka kikombe cha chai. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja huko Miembeni, Bukoba, juu ya duka la magodoro. Kabla ya hapo alikuwa sajini wa upelelezi kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo kusubiri alikujua.

Jumanne asubuhi simu ya kwanza ya kikazi ikalia. Haikutoka kwenye Mamlaka. Ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa ameisoma sheria ndogo mpaka mwisho.

“Wewe ndiye Mpitiaji Huru?”

“Ndiye mimi.”

“Basi njoo upitie. Naitwa Klaudia, nina mgahawa Nyarushozi mbele ya ofisi ya soko. Leo saa nane wananifutia leseni kwa kitu walichokiona ndani ya sanduku.”

“Walikiona ndani ya sanduku?”

“Wao ndio waliokuwa ndani ya sanduku, mama. Mimi nilikuwa nje.”

Kokuberwa hakuuliza zaidi. Alichukua kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuazimisha, akapanda basi la Muleba.

Saa tatu na nusu alikuwa ameketi mbele ya Ofisa Mtendaji wa Mji, Bwana Ildefons Rugemalira. Huyu alikuwa mwanamume wa suti ya kijivu na tai yenye fundo kubwa kuliko shughuli. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili.

“Karibu sana, mama. Kusema kweli sikujua kama tuna Mpitiaji.”

“Mliniteua ninyi.”

“Kweli?”

Kokuberwa akamsogezea barua ya uteuzi. “Sahihi ni yako.”

Ildefons akaitazama sahihi yake kwa upole, kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali msibani. “Ni yangu,” akakubali. “Nasaini vingi.”

“Naomba jalada la Klaudia.”

Jalada likaja. Kokuberwa alilikagua jinsi matroni anavyokagua bweni Jumamosi: hakutazama shuka lililotandikwa, alitazama chini ya godoro. Fomu ya kwanza ilikuwa ombi la kuweka kamera ya siri. Kosa linalofuatiliwa: kutupa taka kwenye mfereji wa soko. Muda: siku kumi na nne. Mwombaji: Datius Ndyamukama, bwana afya. Aliyeidhinisha: Ildefons Rugemalira. Mahali pa kamera: ukuta wa ofisi ya soko, ndani ya Sanduku la Maoni.

“Mliweka kamera ndani ya Sanduku la Maoni?”

“Ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu angeshuku kwamba tunatazama,” alisema Ildefons kwa fahari kidogo.

“Na maoni?”

“Maoni gani?”

Kokuberwa akafunua ukurasa. “Taarifa hii ni ya siku ya arobaini na moja. Ruhusa ni ya siku kumi na nne.”

“Tuliongeza muda.”

“Fomu ya kuongeza iko wapi?”

“Tuliongeza kwa mdomo.”

“Kanuni ya sita inasema kwa maandishi.”

“Mdomo wangu, mama, ndio unaosainia maandishi.”

Sentensi hiyo Kokuberwa aliiandika kama ilivyo, akaiwekea alama za kunukuu. Kisha akasoma taarifa yenyewe.

*Saa 4:10 asubuhi. Mtuhumiwa namba moja alitoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na punje nyeusi. Aliwagawia watuhumiwa namba mbili, tatu na nne. Walizitafuna kwa muda mrefu bila kumeza. Baada ya hapo walionekana wachangamfu, wakawa wanaongea sana. Inashukiwa kuwa ni dawa za kulevya.*

Akaisoma mara ya pili. Kisha akakohoa kile kikohozi cha mwanafunzi aliye mstari wa mbele, mkuu wa shule anapoteleza jukwaani huku wimbo wa taifa ukiendelea.

“Taarifa hii umeisoma, Bwana Mtendaji?”

“Neno kwa neno.”

“Na aliyeandika ni bwana afya?”

“Sahihi yake hiyo hapo.”

“Mtu wa wapi huyo?”

“Wa hapa hapa. Mhaya wa kuzaliwa. Tumekua pamoja.”

Kutoka Bukoba mpaka Muleba hakuna mtoto mwenye meno manne asiyeijua akamwani. Ni kahawa mbichi iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ikafungwa kwenye jani la mgomba. Mgeni hupewa kabla hajaulizwa ametoka wapi. Kuiita dawa za kulevya ni sawa na kumkamata mtu kwa kosa la kusema karibu. Kwa hiyo Kokuberwa aliandika mambo mawili. Aliyeandika taarifa hii si Mhaya. Na Mhaya anayesema ameisoma hajaisoma.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha iliyochapwa kwa mashine.

*Watuhumiwa waliotambuliwa: 1. Klaudia. 2. Agnes. 3. Nancy. 4. Tatenkazi.*

Kalamu ya Kokuberwa ikasimama juu ya namba nne. Ilisimama hapo kwa muda wa mtu kupiga chafya na kuombewa heri.

“Majina haya ya nini, kama kosa lilikuwa taka?”

“Usalama.”

“Wa nani?”

“Wa jumla.”

“Naomba nakala,” Kokuberwa akasema, akasimama. “Tutaonana saa nane.”

Mgahawa wa Klaudia ulikuwa na meza nne, harufu ya ndizi zilizopikwa na maharage, na ukutani karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene: BARUA YETU YA KUPINGA SOKO KUHAMISHIWA BONDENI. ANAYETAKA KUSAINI AINGIE. Upande wa pili wa barabara, kwenye ukuta wa ofisi ya soko, lilining'inia sanduku la bati lililopakwa rangi ya samawati. SANDUKU LA MAONI, liliandikwa. SEMA, USIOGOPE.

“Nyegera waitu,” Klaudia alimkaribisha. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. “Kaa. Hapo unaonekana vizuri.”

“Uligunduaje?”

“Nilikuwa na maoni. Nikaandika, nikaenda kutumbukiza. Karatasi ikagoma kuingia. Nikasema labda nimeandika maoni mengi mno. Nikachungulia kwenye kitundu, nikaona kioo. Nalo sanduku likanichungulia.”

“Ukafanya nini?”

“Nikalisalimia. Kisha nikaenda ofisini kuuliza. Sikupewa jibu, nilipewa barua ya kufutiwa leseni.”

Kokuberwa akalitazama sanduku. Kioo chake kilimetameta. Bati lote lilikuwa na vumbi la barabara, lakini kioo kilikuwa safi.

“Mbona hukulifunika?”

“Nilifunike kwa nini? Mimi ndiye niliyefanya aibu?” Klaudia akaweka mikono kiunoni. “Kila asubuhi nikimaliza kufagia navuka barabara, nakifuta kile kioo. Wakitaka kunitazama wanitazame vizuri. Wasije wakasema waliona ukungu.”

Akatoa kifurushi kidogo cha jani la mgomba kwenye mfuko wa aproni, akakifungua, akamnyooshea mgeni. Kokuberwa alichukua punje mbili, akatafuna moja, akaligeukia sanduku ili lione.

“Huu mgahawa ukifungwa?” aliuliza.

“Nitapikia wapi? Nyumbani ni huku huku, nyuma ya hilo pazia. Marehemu aliniachia chumba hiki na jiko. Kibanja chenye migomba walichukua kaka zake. Wakifunga hapa hawafungi biashara, wananifunga mimi.” Alisema hivyo bila kulegeza sauti. “Na ile barua ya soko itakosa meza ya kuandikiwa. Ndiyo wanayoitaka, hiyo.”

“Hiyo barua ni siri?”

“Siri? Si hiyo ukutani? Wangeniuliza ningewasomea. Ningewapa na chai.”

Kokuberwa akafunua nakala ya orodha. “Waliokuwa hapa siku ile ni wewe, Agnes, Nancy, na nani?”

“Evodia. Tunaimba naye kwaya ya kanisani, sauti ya kwanza. Kwa nini?”

“Hapa hawakuandika Evodia.” Akamwonyesha. Klaudia akasoma, midomo ikicheza. Kisha akacheka mpaka mteja wa meza ya nne akashusha kijiko.

“Tatenkazi! Wameandika *Tatenkazi* kama jina la mtu!”

“Ni nani anayeweza kumwita Evodia hivyo?”

“Si mtoto wa kaka yake tu? Maana yake ‘shangazi yangu, dada wa baba yangu’, hilo ndilo neno lenyewe. Mimi siwezi kumwita hivyo. Wewe huwezi.”

“Sasa, aliyetoa jina hilo ni mtoto wa kaka yupi wa Evodia?”

Klaudia akaacha kucheka. Akavuta kiti, akakaa. “Kwenye Mamlaka kuna watu wawili wa damu ya Evodia. Datius, bwana afya. Na Mtendaji mwenyewe, Ildefons.” Akagonga meza. “Ni Datius. Mwezi wa pili alikuja kunipimia choo kwa futi, nikamtoa na mwiko. Hajanisamehe mpaka leo.”

“Ulimpiga?”

“Mwiko ulimgusa.”

Chumba cha mitambo cha Mamlaka kilikuwa stoo ya zamani. Palikuwa na taipureta nne zilizostaafu, skrini moja inayofanya kazi, na fundi mmoja anayeitwa Sayi, mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye miwani na shati lililofungwa vifungo vyote. Alisimama Kokuberwa alipoingia.

“Wewe ndiye uliyeandika habari za punje nyeusi?”

“Ndiyo, mama.”

“Bwana afya alitazama pamoja na wewe?”

“Hajawahi kuingia humu. Zililetwa fomu kumi zikiwa na sahihi yake tayari, tupu. Mimi najaza.”

“Uko Nyarushozi tangu lini?”

“Miezi mitano. Kwetu ni Bariadi.”

“Na kwa miezi mitano yote hakuna aliyekukaribisha punje hizo?”

Sayi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Mama, nilikuwa nawatazama. Sikupata nafasi ya kuwatembelea.”

Kokuberwa akatoa punje moja iliyobaki mkononi, akaiweka mezani. Sayi aliitazama kama kielelezo cha mahakamani. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna kwa tahadhari.

“Chungu,” alisema.

“Ni kahawa.”

Akaacha kutafuna. Alitazama skrini, akatazama taarifa yake, na masikio yake yakabadilika rangi. “Yule mama anafungiwa kwa sababu ya kahawa?”

“Kwa sababu ya sentensi yako na sahihi za watu wawili ambao hawakuisoma. Majina ulipata wapi? Wewe huwajui.”

“Niliagizwa kwa barua nitoe picha za sura zao. Nikazitia kwenye bahasha, nikaiacha kwa mhudumu wa ofisi. Kesho yake bahasha ikarudi. Nyuma ya kila picha kulikuwa na jina. Nikaambiwa niyachape, kisha picha nizichane.”

“Ukazichana?”

“Zote.”

“Mwandiko ulikuwaje?”

“Herufi kubwa tupu. Hata ningeutaka, nisingeujua.”

“Na hili la nne?”

“Tatenkazi? Nilichapa nilivyokuta. Nilidhani ni jina la ukoo.”

Kokuberwa akafunga daftari. “Utayasema haya saa nane?”

“Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, mama.”

“Kanuni ya tisa inasema anayesema kweli mbele ya Mpitiaji haondolewi kazini.”

“Imeandikwa hivyo kweli?”

“Imeandikwa. Kama wataifuata, hilo siwezi kukuahidi.”

Kokuberwa alipokuwa anatoka alisikia kiti kikivutwa na sauti ya mtu anayetafuta nakala za barua kwenye droo.

Saa tano na nusu bodaboda ilimshusha Muleba, mlangoni pa ukumbi ambamo maofisa afya wa wilaya walikuwa kwenye semina. Ilikuwa mapumziko ya chai. Datius Ndyamukama alikuwa kwenye baraza, sambusa moja mkononi na ya pili kwenye sahani, akiilinda.

“Ulisaini fomu kumi tupu,” Kokuberwa alisema baada ya kujitambulisha.

Datius akatazama huku na huku. “Niliambiwa ni za kuokoa muda.”

“Muda wa nani?”

“Sikuuliza. Mama, mimi niliomba kamera kwa sababu ya taka. Watu wanamwaga maganda ya ndizi kwenye mfereji, mvua ikinyesha soko linageuka ziwa. Siku kumi na nne, nimkamate mmoja, nimtoze, basi. Sijaona picha hata moja.”

“Na Klaudia?”

Datius akajishika bega la kushoto bila kujua. “Yule mama ana mkono mzito. Lakini choo chake ni kisafi. Niliandika hivyo kwenye ripoti yangu. Nitafute kumfungia kwa nini?”

Kokuberwa akasogea hatua moja. “Tatenkazi wako ni nani?”

Swali lilimkuta katikati ya kutafuna. “Tatenkazi? Nilikuwa nao wawili. Wote wametangulia, nimewazika mwenyewe.”

“Evodia?”

“Evodia ni mdogo wake mama yangu! Kwangu ni mama mdogo. Nikimwita Tatenkazi atanizaba kofi kwa kumhamisha ukoo.” Alicheka. Kisha akaanza kuelewa kwa nini ameulizwa, na kicheko kikamwishia taratibu kama maji ya bomba la bweni.

“Kwa hiyo aliye Tatenkazi wake ni mtoto wa kaka yake,” Kokuberwa alisema. “Na kwenye Mamlaka mko wawili.”

Datius akaweka sambusa kwenye sahani. “Mama, naomba nirudi ndani. Kipindi kinaanza.”

“Mnafundishwa nini?”

“Kunawa mikono.”

“Nenda. Unakihitaji.”

Saa nane kamili kamati ya leseni ilikaa. Mwenyekiti Kamala, mzee mnene mwenye kengele ndogo ya mezani aliyoipenda kuliko wajumbe, aliipiga ingawa watu walikuwa wamenyamaza tayari. Wajumbe watano walikaa kulia kwake. Kwenye benchi la mbele walikaa Klaudia, Agnes, Nancy na Evodia. Evodia alikuwa na miaka sabini, gauni la Jumapili siku ya Jumanne, na mkoba uliosimama wima magotini. Sayi alisimama nyuma, karibu na mlango, karatasi kifuani.

Ildefons aliwasilisha. Alisema juu ya usalama, juu ya kizazi cha kesho, juu ya mji unaonyemelewa. Alisema Mamlaka haikufurahia kutumia kamera ya siri, ila ililazimika. Alipendekeza leseni ya mgahawa ifutwe kuanzia leo.

“Kabla ya picha kutumika,” Kokuberwa alisema akisimama, “kuna kanuni ya kumi. Anayeleta ushahidi wa siri atayasoma kwa sauti, mbele yao, majina ya watu wote waliofuatiliwa. Ili wajue kwamba walitazamwa, na ni nani anayesema aliwaona.”

Kamala akageukia kitabu cha kanuni, akasogeza kidole mpaka alipoiona. “Ipo,” alisema kwa masikitiko. “Soma, Bwana Mtendaji.”

Ildefons akatoa karatasi ya mwisho ya jalada lake. Ilikuwa dhahiri kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, kwa sababu aliisoma kwa kujiamini.

“Namba moja, Klaudia. Namba mbili, Agnes. Namba tatu, Nancy. Namba nne...”

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Nje pikipiki ilipita. Kamala akainua macho. “Namba nne?”

“Namba nne ni mama yule pale.”

“Jina.”

“Wote tunamfahamu, Mwenyekiti.”

“Kanuni inasema jina,” Kokuberwa alisema. “Evodia ana jina fupi tu. Mimi nimelitaja sasa hivi, halikuniuma.”

Ildefons akafungua mdomo. Mtu yeyote pale ndani angeweza kusema Evodia. Mtoto wa kaka yake hawezi. Hajafundishwa hivyo tangu anatambaa. Jina la shangazi wa upande wa baba halitamkwi kavu kavu, tena mbele yake, tena mbele za watu. Aliweza kumwekea kamera kwa siku arobaini na moja. Kumtaja jina kulimshinda. Malezi yake yalikuwa mazuri kabisa; yaliishia mahali pabaya tu.

“Basi soma kilichoandikwa,” Kokuberwa alisema.

“Kilichoandikwa ni makosa ya uchapaji.”

“Tusomee hayo makosa.”

“Siyakubali.”

Evodia akahamisha mkoba kutoka goti moja kwenda jingine. “Nakusikiliza, mwana wa kaka yangu,” alisema taratibu. “Nimekaa hapa. Waambie mimi ni nani.”

“Tatenkazi, mimi sikuwa na nia...”

Neno lilikwisha toka. Wajumbe wote watano wakatazama karatasi zao, wakatazama namba nne, wakamtazama Mtendaji. Mmoja akatoa sauti kama ya sufuria inayochemka. Nancy akajifunika uso kwa kitambaa.

“Katibu, andika,” Kokuberwa alisema. “Ametaja namba nne kama ilivyoandikwa.”

Sayi hakusubiri kuitwa. Alipita katikati ya viti, akaweka mezani barua ya agizo la picha za sura. Chini yake palikuwa na sahihi iliyosainia vingi. Alieleza bahasha, majina ya nyuma, picha alizochana, na fomu tupu. Mwishowe akasema, “Na zile punje ni kahawa. Mimi nilikosea. Nimeionja leo.”

“Umeionja leo?” Kamala alishtuka. “Tangu ufike?”

“Tangu nifike.”

Jambo hilo liliwasikitisha wajumbe kuliko mengine yote.

Uamuzi haukuchukua dakika kumi. Picha hazitumiki. Leseni ya Klaudia inabaki. Mwenendo wa Mtendaji unapelekwa kwenye baraza, pamoja na taarifa ya Mpitiaji. Klaudia aliyapokea yote hayo bila kutikisa kichwa. Kisha Kamala akashika kengele.

“Na ili tusiendelee kuchafuana,” alisema kwa wema mwingi, “picha zote zifutwe leo hii. Mambo yaishe.”

“Mwenyekiti,” Kokuberwa alisema, “picha zikifutwa, baraza litamwuliza Mtendaji juu ya kitu gani?” Akamgeukia Klaudia. “Kanuni inakupa haki, mama. Ni wewe uliyetazamwa. Ukisema zifutwe, zinafutwa sasa. Hakuna atakayekuona tena ukifagia, ukila, ukipiga miayo. Lakini kesi dhidi yake inakwenda nazo. Ukisema zibaki, kesi inabaki, na watu watazitazama.”

Kamala alimtazama Klaudia kwa macho ya kumsihi. Ildefons alitazama viatu vyake.

“Siku arobaini na moja,” Klaudia alisema, akisimama. “Mmenitazama mimi nikiwa sipo pamoja nanyi. Hazifutwi. Lakini kila atakayezitazama, awe diwani, awe hakimu, awe nani, atazitazama mimi nimekaa pembeni yake. Akinitazama mule, ageuke anitazame na hapa.”

“Kanuni haisemi hivyo, mama,” Kamala alinong'ona.

“Iandikeni iseme hivyo. Kalamu si mnazo?”

Kokuberwa akachukua kalamu yake ya kuazimisha, akaiweka mbele ya Mwenyekiti.

Klaudia hakungoja wino ukauke. “Baba,” alimwambia Sayi, “chumba chako kiko wapi?” Akainua kiti cha kamati, kile chenye mto mwekundu, akakiweka begani, akatoka. Agnes akachukua chake. Nancy akachukua cha mjumbe aliyesimama kunyoosha mgongo. Evodia hakubeba kitu. Alibebewa na wajumbe wawili waliogombania heshima hiyo.

Stoo ikajaa. Waliketi bega kwa bega kati ya taipureta, skrini ikiwamulika nyuso. Sayi akakaa, akaweka vidole kwenye kibodi.

“Anza siku ya kwanza,” Klaudia alisema. “Usiruke hata dakika.”

Mlangoni Ildefons alikuwa amesimama, nusu ndani nusu nje, fundo la tai likiwa limelegea. Evodia alimwona bila kugeuka, kama mashangazi wanavyoona.

“Ingia,” alimwambia. “Akipita mtu tusiyemfahamu, utatutajia jina.”

Ildefons akaingia, akatazama huku na huku. Viti vilikuwa vimekwisha.